Upondo wa Kimo Changu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia bega. Dada aliniambia wale wa hospitali wamekupa zoezi la kutambaza vidole ukutani kama buibui, na kwamba kila Jumapili mnaweka alama ya penseli pale vidole vilipofika. Mara ya mwisho vilikuwa kwenye swichi ya taa. Natumaini sasa vimeipita swichi na vinaelekea kwenye kalenda. Usimdanganye dada kwa kusimamia vidole vya miguu. Nakujua.

Sisi huku wazima. Mjukuu wako ametoa jino moja, la chini, na tangu litoke hakuna kitu ndani ya nyumba hii ambacho hakijang'atwa, mimi nikiwemo. Mkwe wako bado anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate na anarudi saa tano na unga kwenye nyusi. Mimi nipo. Usingizi wangu ni wa kuku, jicho moja limefumba na jingine liko kwa mtoto, lakini nipo.

Kabla hujaendelea nina ombi. Barua hii isome mwenyewe. Najua miwani yako ina mguu mmoja na ule mwingine ni uzi, lakini ivae, toa kiti nje, usome polepole. Usimpe dada akusomee. Simu nimeshindwa kuitumia kwa sababu hiyohiyo: ukiishika, dada anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inachangia, na mimi niliyetaka kusema neno moja nakata simu nimesema jingine. Kwa kalamu hakuna wa kunikatiza ila mtoto, na sasa hivi amelala.

Nianze na upondo, maana ndilo agizo lako.

Msimu wa bata unafunguliwa siku kumi na tisa kuanzia leo. Mashua iko tayari. Ile mipasuko miwili ya chini nimeiziba kama ulivyonifundisha, na ubavuni nimeipaka rangi ya matete makavu, mpaka juzi mkwe wako akaipita bila kuiona akajigonga ugoko. Daktari wa meno, mteja wako wa miaka yote, huyo unayemwita Mng'oa Meno, ameshaleta kibali chake cha kuwinda na kuapa kwamba mwaka huu hakosi. Unakumbuka alivyokosa mwaka jana, bata wamekaa tu wanamtazama kama wanaongoja zamu kwenye kiti chake. Kila kitu kipo, ila cha kuisukumia mashua. Na mashua bapa bila upondo, ulisema mwenyewe, ni beseni.

Barua yako niliipata. Ukurasa wa kwanza nimeusoma mpaka karatasi imelainika. Mti uwe mkavu, uliokaa kivulini mwaka mzima. Uwe umenyooka, nikifumba jicho moja nisione mgongo. Usiwe na fundo pale mkono unapopita. Chini uwe na kwato, ile panda ya miti miwili inayotanuka kwenye tope ili upondo usizame. Na urefu upimwe kwa yule atakayeutumia, si kwa mwingine. Hayo yote nimejaribu kuyafuata. Ukurasa wa pili, ule ulioandika kwamba Fundi Randa ndiye aliyeuiba upondo wako wa zamani, na kwamba siku ya kufungua msimu utakuja kumnyang'anya ufunguo wa banda la mashua mbele za watu, huo nitaufikia. Usiniharakishe.

Baba, sikujua kwamba mji huu una mabingwa wengi wa pondo kiasi hiki. Watu ambao maji hayajawahi kuwafika magotini walinifundisha njiani, dukani, hata kwenye foleni ya chanjo ya mtoto. Kila mmoja alikuwa na mti wake wa kunipendekezea, na kila mmoja alipomaliza aliuliza ni nani atakayeusukuma.

Bingwa wa kwanza ni mkwe wako. Mtu anayeona kizunguzungu akiinamia beseni la kumwogeshea mtoto ndiye aliyenishauri juu ya maji. Alisema nichukue mwanzi: ni mwepesi, ukianguka unaelea, na zaidi ya hayo kuna mmoja umeegemea nyuma ya tanuri pale kazini hauna shughuli. Nikamwambia mwanzi ndani ni mtupu. Akasema hata yeye ndani ni mtupu na bado namtegemea. Ningefanya nini, nilicheka nikauchukua. Niliposukuma mara ya tatu kwenye tope ukapasuka kwenye kifundo, na ufa ulipojirudi ukanibana ngozi ya kiganja. Nilipiga yowe mpaka waliokuwa wakifua ng'ambo wakauliza kafa nani. Mwanzi huo sasa naanikia nepi.

Akaja Mng'oa Meno na bomba la alumini lililotoka kwenye antena ya zamani ya kliniki yake. Linang'aa kama vile vifaa vyake. Akaniambia dunia imebadilika, mama, miti tuwaachie ndege. Tukatoka kulijaribu, yeye mbele, mimi nyuma, mtoto kaachwa kwa baba yake. Bomba halikunasa, nalisifu kwa hilo. Ila lilipogusa ubavu wa mashua lililia ngoo, kama kengele ya shule, na bata wa bwawa zima wakaruka kwa pamoja, nadhani hata wale waliokuwa bado ndani ya mayai. Tukabaki yeye na mimi na maji. Akasema labda tulizungushie kitambaa. Nilimwuliza yeye akiligusa jino bovu huwa anazungushia kitambaa wapi. Alirudi na bomba lake kwapani.

Basi nikaenda kwa muuza mbao, mtoto mgongoni. Nikamwambia nataka mti wa upondo. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, akasema nikamwite mzee wa nyumba aje apimwe mwenyewe, maana upondo hautumwi mtu dukani kama chumvi. Nikamwambia mwenye kusukuma ni mimi. Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akaja akasikia, naye akacheka. Sikuondoka. Niliwaeleza kwamba mwaka jana, bega lako lilipoanza kukusumbua, nusu nzima ya msimu aliyesimama nyuma ya mashua nilikuwa mimi, tumbo likiwa mbele yangu kama abiria wa tatu, na hakuna aliyelowa. Yule wa kwanza akapitisha mkono juu ya mbao zake kama anayefikiri. Kisha akanichagulia mti kwa kimo cha mume wangu, ambaye hajawahi kumwona. Mti mwekundu, Baba, mzito, nilifika nao nyumbani natweta kama niliyebeba mlango na fremu yake. Kuurudisha haiwezekani, pale kwake pameandikwa ukutani kwamba mali ikitoka hairudi. Uko nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani wameupenda.

Siku hiyo nilikaa kizingitini nikalia kidogo, nikamnyonyesha mtoto huku nalia, naye akanitazama kwa kunishangaa huku hajaacha kunyonya. Sikulilia mti. Nililia kwa sababu nimechoka kupimwa kwa macho. Kila mtu anataka kumpima mwanamume ambaye hayupo kwenye mashua, na mimi niliyepo naonekana kama niliyesimama kwenye foleni ya mtu mwingine.

Kesho yake nilifanya ulichonikataza. Nilikwenda kwa Fundi Randa.

Najua ulivyoandika. Nisimsogelee, nisimsalimie, nisimpe hata maji. Lakini Baba, ni nani mwingine? Huyu ndiye aliyeuchonga upondo wako wa zamani kwa mkono wake, mkajenga naye banda la mashua, mkagawana ufunguo miaka ishirini na miwili. Nilimkuta kwenye karakana yake, takataka za randa zimemfika vifundoni. Nilidhani angenifukuza. Aliuliza mtoto ana meno mangapi, nikasema moja, akasema basi bado hajawa hatari. Kisha akasema atakuja nyumbani kunipima alasiri, kwa sababu mashua iko kwetu na anataka kuona ninavyosimama ndani yake.

Alikuja. Akanisimamisha ndani ya mashua pale uani, peku, miguu imetanuka kama nilivyozoea. Akauliza nipime na mtoto mgongoni au bila mtoto. Nikamwuliza mtoto atafanya nini kwenye mashua. Akajibu kwamba yeye anauliza tu, uzito wa mgongoni unabadilisha mkono. Kabla sijajibu, mvua ikashuka, ile ya kubisha bila hodi, tukakimbilia ndani.

Unakijua chumba chetu. Kitanda, meza, kabati la vyombo, na dari ambayo mkwe wako anaigusa bila kujinyoosha. Fundi akasema tumalizie hapohapo. Akaniambia nisimame wima ninyooshe mkono wa kulia juu, na mwenyewe akapiga goti na utepe wake kwenye kisigino changu, akaupandisha polepole, goti, nyonga, bega, kiwiko, mpaka kwenye ncha ya kidole. Macho yake yakaufuata utepe. Na ncha ya kidole changu, Baba, ilikuwa inaelekea moja kwa moja kwenye mti uliofungwa juu ya kitanda, ule unaoshikilia chandarua cha mtoto.

Aliutazama mti ule kwa muda mrefu. Sikuthubutu kuushusha mkono. Kisha akasoma namba kwenye utepe, akaiandika kwenye kipande cha ubao kwa ile penseli ya sikioni, akasema tayari, shusha. Akanywa chai yake yote. Mvua ilipokatika akasimama mlangoni akaniambia nikikuandikia nikupe salamu zake, hata kama huzitaki.

Sasa nimefika, Baba. Vuta pumzi, maana na mimi navuta.

Upondo wako haukuibiwa. Niliukata mimi.

Mti unaoshikilia chandarua cha mjukuu wako ni kichwa cha upondo wako. Ni kile kipande cha juu chenye alama zako ishirini na mbili, alama moja kila msimu, pamoja na ile yenye kina kuliko zote uliyoniambia ni ya mwaka niliozaliwa. Nimezikata zote. Nimejikata na mimi mwenyewe humohumo.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Uliposafiri kwenda kwa dada, mtoto alikuwa na miezi mitatu na mgongo wangu ulikuwa haujarudi mahali pake. Ulinikabidhi mashua. Ulisema mashua haiumi mgongo, kinachouma ni uvivu. Nikatoka na upondo wako mara mbili, na mara zote mbili kichwa chake kilinizidi nguvu, kinayumba huko juu kama mlevi na mimi chini nakifuata. Wewe ni mrefu, Baba. Mimi nimefuata kimo cha mama. Nikawaza, si wewe mwenyewe uliyesema urefu upimwe kwa mwenye kuutumia? Nikaenda kuazima msumeno kwa Fundi Randa, nikamdanganya kwamba nataka kupunguza rafu ya jikoni. Nikakata juu, kwa sababu chini kuna kwato. Nilidhani mti ni mti, ukipungua umepungua. Sikujua kwamba ule urefu wa juu ndio uliokuwa unaibeba kwato. Ulivyokatwa ukawa mzito chini, kama nyundo.

Nilipoona alama sakafuni nilitaka kuziunganisha kwa gundi. Nikacheka kwa uchungu. Kuni singeweza kuzifanya. Nikazitundika juu ya mtoto nikijiambia kwamba zinamlinda.

Halafu ikaja siku ile. Nilitakiwa kwenda kuangalia maficho ya matete kama bado yamesimama, kazi ya saa moja tu. Mkwe wako alikuwa ameitwa kazini tena mchana, na sikuwa na wa kumwachia mtoto. Nikamlaza kwenye kreti ya mikate, nimetandika shuka mbili, nikaiweka katikati ya mashua. Ndiyo, Baba. Nilimpeleka bwawani. Hata baba yake halijui hili; nitamwambia leo jioni, nikishamaliza kukuandikia.

Pale mkondo unapofungukia maji makubwa, unapajua, tope la pale halina urafiki. Nilisukuma, kwato ikazama, na nilipozungusha ili kuichomoa sikuwa na mti wa kutosha mkononi wa kuzungushia. Mashua ikaendelea, upondo ukabaki. Nikabaki nimeinama nje, tumbo juu ya ubao wa nyuma, nimeushika kwa mikono miwili, na chini ya miguu yangu nasikia mashua inaondoka. Nikakusikia wewe. Nilikuwa na miaka tisa uliponiambia, na nikadhani ni mzaha: upondo ukinasa, achia upondo, baki na mashua.

Niliachia.

Tulisukumwa na maji mpaka kwenye matete ya upande wa pili. Niling'oa ubao wa kukalia nikaanza kupiga nao makasia, mashua inazunguka tu. Mtoto akalia, nikamtoa kwenye kreti nikamnyonyesha palepale. Bata wakaja, Baba. Walikuja karibu mno, mikono mitano hivi, wanazamisha vichwa na kuinua kama hatupo. Sijawahi kuwaona karibu namna ile. Nilikaa nikiwahesabu ili nisiwaze kitu kingine. Tulifika nyumbani alasiri. Mkwe wako alipouliza kwa nini nimelowa nikasema nilikuwa naosha mashua.

Ukapiga simu wiki hiyo, sauti kubwa, dada na watoto wake wote wanasikiliza, ukauliza kama upondo nimeuhifadhi vizuri. Nikasema haupo bandani. Hilo lilikuwa kweli. Ukauliza umeibiwa? Nikanyamaza. Ukauliza ni nani mwenye ufunguo mwingine, ukajijibu mwenyewe. Nikanyamaza tena. Mara mbili tu nilinyamaza, Baba, na kwa mara mbili hizo nikamfanya mtu mwema mwizi. Ningesema nimeukata, ungeuliza uko wapi. Ningesema umenasa, ungeuliza ulikuwa na nani. Kila mlango niliotaka kutokea ulikuwa na mtoto nyuma yake.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye karakana. Juzi nilikwenda kuuona upondo mpya. Upo tayari. Mti mweupe mkavu, mwepesi, umenyooka kama mstari wa rula, kwato yake imefungwa kwa waya wa shaba. Niliushika nikahisi, kwa mara ya kwanza, kwamba kitu fulani kimetengenezwa huku mtu ananifikiria mimi. Sikuweza kuustahimili. Nikamwambia yote, nimesimama, mtoto ananing'ata bega.

Akaniambia alijua. Nilipomrudishia msumeno ulikuwa na unga wa mti ule kwenye meno yake, na mti aliouchonga mwenyewe pua yake haiusahau. Ya mtoto alihisi tu, alipoona shuka ndani ya kreti ya mikate bandani. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, wakati wewe umemtumia maneno kwa simu ya dada na kwa kinyozi watu wanamnong'ona. Aliendelea kupiga randa kidogo. Akasema, huyo mzee wako angekuja tu akaniuliza. Miaka ishirini na miwili, angeniuliza tu.

Baba, hili litakuuma na mimi nalisema kwa adabu zote. Mimi nilinyamaza, na kosa ni langu, silirushi kwa mtu. Lakini kuamini uliamini wewe. Hukuuliza mara ya pili. Kwa mti ulioupoteza ulikuwa tayari kumpoteza aliyeuchonga.

Nilipotaka kuuchukua upondo mpya aliweka mkono juu yake. Akasema hatauza wala kutoa kitu kwa nyumba inayomwita mwizi. Utakaa pale ukutani mpaka wewe mwenyewe umwambie kwa mdomo wako ampe nani. Nilikasirika, nikamwambia msimu umebakiza siku ishirini na moja. Akasema anajua kuhesabu. Basi ndipo nilipo. Mashua ipo, mteja yupo, upondo wa kimo changu nimeuona kwa macho na kuushika kwa mkono, na siwezi kwenda popote. Wote wawili mmekunja nyuso, na katikati niko mimi na jino la mtoto.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hilo tutalimaliza ukija. Ukitaka nikurudishie mashua, nitairudisha, imepakwa rangi. Alama zako nimezifungua kwenye chandarua nimezifunga kwa kitambaa, ziko kabatini zinakungoja. Ule upondo ulionasa bado umesimama pale mkondoni, umeinama kidogo, na siku hizi kuna ndege mweusi anaukalia kuanikia mabawa. Nimemweleza Mng'oa Meno pia. Amesema tukipata cha kusukumia atakuja autoe mwenyewe, kazi yake ni kung'oa, na huu angalau hautapiga kelele.

Nisalimie dada, mwambie nampenda na asikasirike kwamba hakusomewa. Wasalimie watoto wake. Mkwe wako anakuamkia. Mjukuu wako angekuamkia pia, ila ameamka ameishika ncha ya karatasi hii, na ukiona imeliwa hapo pembeni ujue ni salamu zake.

Fundi Randa anafungua karakana saa mbili asubuhi. Simu haipokei upesi. Iache iite mpaka aweke randa chini. Mpigie wewe, Baba, na mwambie dada aondoe sauti kubwa.

Ni mimi bintiyo,
niliyebaki na mashua.